Kwa Nini Mwenye Ulanzi Huonja Kwanza

Wapo wageni wanaokuja huku kwetu nyanda za juu, wanaketishwa vizuri, wanawekewa kigoda, halafu mwenye nyumba anainua kikombe cha ulanzi, pombe yetu, anapiga funda lake kwanza, ndipo anawapa. Basi wananuna. Wanaona wamepewa makombo. Mmoja aliwahi kuniambia usoni kwamba sisi watu wa milanzi hatuna adabu. Nilimwacha amalize kusema, nikamwongezea kikombe, kisha nikamhadithia haya ninayowahadithia nyinyi sasa. Kaeni mkao wa kula, ijapokuwa leo chakula ni maneno.

Kulikuwa na wakati ambapo mambo yalikuwa kinyume kabisa. Siku hizo, kitu kilichoandaliwa kwa ajili ya mgeni, mdomo wa mwenyeji haukukigusa. Ilikuwa mwiko. Mgeni anakunywa wa kwanza, anakula wa kwanza, na mwenyeji anasubiri mpaka aambiwe karibu kwenye chakula chake mwenyewe. Watu waliona hiyo ndiyo heshima, na aliyeonja sufuria ya mgeni alisemwa mji mzima.

Tena siku hizo nyanda hizi hazikuwa na kinywaji chochote. Ulezi ulikuwa wa uji na ugali tu, hakuna aliyejua kuuotesha na kuupika pombe. Milanzi, yaani mianzi, ilikuwepo, imejaa mabondeni kama ilivyo leo, lakini kazi yake ilikuwa kujengea na kusukia vikapu. Aliyekuwa na kiu alikwenda mtoni. Harusi zilichezwa kwa maji. Hebu fikirieni harusi ya namna hiyo.

Katika mgongo wa mlima wa Ikanga alikaa mjane mmoja, Semdegela, msusi wa vihenge vya kuwekea nafaka. Vidole vyake vilikuwa vigumu kwa kupasua milanzi na ulimi wake ulikuwa mwepesi, lakini moyo wake wote ulikuwa kwa mtoto wake wa pekee, Twilumba. Msichana huyo aliolewa ng'ambo ya mto Lwika, mgongo wa Nyamande, nyumbani kwa baba mkwe wake, Mzee Mgeyekwa, ambaye ndiye aliyekuwa mkuu wa watu wa upande ule. Semdegela alifurahi. Ng'ambo ya mto si mbali. Alijiambia kwamba akitamani kumwona mwanawe atashika njia asubuhi na kurudi kabla kuku hawajaingia bandani.

Ndoa haijakaa sana, fahali wa Ikanga akatumbukia katika shimo la mtego walilochimba watu wa Nyamande, akafa. Hawa wakasema mmetuulia kwa makusudi. Wale wakasema fahali wenu alifuata nini kwetu? Maneno yakazaa fimbo, fimbo zikazaa mikuki, na mwishowe vijana wakachoma daraja la magogo. Ikawa marufuku mtu wa huku kukanyaga kule. Twilumba wakati huo alikuwa mjamzito.

Kutoka mlangoni kwake Semdegela aliweza kuuona moshi wa nyumba ya mwanawe ukipanda kila asubuhi. Aliuona moshi, hakumwona mtu. Siku aliposikia vigelegele vikitoka ng'ambo alijua kwamba Twilumba amejifungua salama. Akakaa chini pale pale alipokuwa anasuka, akalia kwa furaha na kwa uchungu, kwa sababu kila mama alikuwa na haki ya kumwogesha mjukuu wake wa kwanza, na yeye hakujua hata kama ni wa kike au wa kiume.

Wazee wa Ikanga, kwa kusukumwa na maneno yake yasiyokoma, walimtuma mtu mtoni akapige kelele kuomba suluhu. Desturi ya suluhu ilikuwa kunywa chombo kimoja. Mzee Mgeyekwa akajibu kutoka ng'ambo kwamba yuko tayari, ila hatakunywa maji. Maji ya mto Lwika, alisema, wamekuwa wakiyanywa pande zote mbili na bado wanachukiana. Waletewe kitu ambacho mtu amekihangaikia.

Wazee wakarudi wakiwa wamechoka. Kitu gani hicho? Wakajadili, wakavuta ugoro, wakajadili tena. Semdegela hakuwasubiri. Alikuwa amesikia kwa wapita njia wanaobeba chumvi kwamba huko duniani ziko nchi zenye vinywaji vinavyochangamsha moyo. Akafunga masurufu yake, akafunga mlango kwa kamba, akaondoka.

Alifika kwanza nchi kavu ya miiba, kwa watu wafugao nyuki. Walimpokea kama ndugu. Wakamwonyesha jinsi wanavyokoroga asali na maji ya uvuguvugu katika mtungi, wakatumbukiza tunda la mwegea lililokaushwa ili mchanganyiko uchachuke, wakauacha mtungi karibu na moto kama mtoto mgonjwa. Kinywaji chao kilikuwa na rangi ya jua la jioni, kitamu mwanzoni, kisha kinauma kooni kidogo. Semdegela alikipenda mno. Lakini wenyeji wakamwambia ukweli kwamba asali yao imetoka kwenye maua ya miti yao, na kwamba huko kwake kwenye baridi na ukungu nyuki hawatoi asali ya kutosha hata kulamba. Aliwashukuru, akaendelea.

Akafika mlima wa migomba. Huko ndizi mbivu zilichemshwa tangu asubuhi mpaka zikawa nyekundu, zikafunikwa siku kadhaa, zikachujwa kwa majani, kisha zikachanganywa na uji wa ulezi ulioota. Kilikuwa kinywaji kizito, chenye punje ulimini, kitamu kwa mbele na kichachu kwa nyuma, na mtu aliyekunywa kata moja alishiba. Wanawake wa huko walimkalisha katikati yao, wakamcheka kwa mapenzi aliposema kwao umande huganda asubuhi ukawa mweupe. Mgomba gani utakubali kuota mahali pa namna hiyo? Wakamfungia ndizi za kula njiani, na mmoja akavua shuka lake akampa, kwa sababu lake lilikuwa limechakaa. Semdegela alitembea na shuka hilo akiwaombea kheri watu asiowajua majina.

Mwisho aliteremka mpaka nchi ya minazi, joto jingi, na huko akamkuta mgema mmoja mzee aitwaye Mtulia. Mtulia alikuwa mkavu na mchekeshaji, anapanda mnazi kama anapanda kitandani. Semdegela alikaa kwake muda mrefu. Aliona jinsi mgema anavyopanda asubuhi na jioni, anavyokifunga kikole cha maua ya mnazi kabla hakijachanua, anavyokikata ncha kwa kisu chake cha kotama, unyoya mwembamba tu, na kutundika kibuyu chini yake. Mti unadondosha wenyewe. Tembo la asubuhi lilikuwa tamu, jeupe, likinukia mkate. La jioni lilikuwa limeshaanza kuchekesha watu.

Semdegela akamwambia mzee shida yake yote, tangu fahali hadi vigelegele. Mtulia alichukua kisu chake. Kisha akapanda juu, akajaza vibuyu viwili, akampa bila kudai kitu. Na akampa na kotama moja ya akiba.

"Mwanangu," akamwambia, "tembo hili ni la leo. Kesho litakuwa jingine. Na kwenu ni mbali."

Semdegela alisikia, lakini alisikia kwa sikio la mtu mwenye haraka. Aliviziba vibuyu kwa nta aliyopewa na wafuga nyuki, akaona amemaliza. Njiani vibuyu vilinguruma, nta ikapasuka, akaziba tena. Vilipotulia akafurahi akadhani vimekubali safari. Hakuonja. Angeonjaje? Kilikuwa cha mgeni, na cha mgeni hakiguswi. Alilala njaa na kiu jangwani huku amebeba kinywaji mgongoni, na akaona fahari kwamba hakukigusa. Maskini ya Mungu, adabu yake ndiyo iliyokuwa inamchimbia kaburi.

Alipofika Ikanga watu walipiga makofi. Taarifa ikavuka mto. Asubuhi watu wa migongo yote miwili wakakusanyika kwenye kivuko, kila upande ukingoni kwake, mikuki imelazwa majanini. Na ng'ambo, nyuma ya Mzee Mgeyekwa, Semdegela akamwona Twilumba amembeba mtoto mgongoni. Amenenepa kidogo. Anacheka. Aliinua kiganja akampungia mama yake, na Semdegela alisahau miguu yake iliyopasuka, akasahau jua la nchi kavu, akamshukuru mzee wa minazi palepale kimoyomoyo.

Akaingia mtoni, maji yamemfika magotini, akampa Mgeyekwa kibuyu kwa mikono miwili, akarudi nyuma akainamisha kichwa kama ilivyopasa.

Mgeyekwa akapiga funda kubwa. Nanyi mnajua tembo la mnazi likikaa siku zote hizo linakuwa nini. Linakuwa siki, na siki hiyo kali inayopasua kinywa. Mzee wa watu hakuwahi kuonja siki tangu azaliwe. Alitema, akashika koo, macho yakamtoka, na neno la kwanza alilopata kusema lilikuwa sumu. Mikuki ikainuka. Watu wakasukumana, mmoja akajeruhiwa begani kwa jiwe. Mgeyekwa, akikohoa, akamwuliza Semdegela mbele ya wote kwa nini yeye mwenyewe hakunywa, kama kilikuwa kitu chema. Semdegela alitaja mwiko wa kugusa cha mgeni, lakini kelele zikammeza. Twilumba alivutwa mkono na wanawake wa Nyamande, akapandishwa mlima, huku akigeuka nyuma kumtazama mama yake kama anayemtazama mtu mgeni.

Mtazamo ule ndio uliomkata Semdegela kuliko yote. Alirudi nyumbani, akakaa, akafungua kibuyu cha pili, akaonja. Akafahamu. Hakulia. Alikimwaga nje, na alipopita mzee mmoja jirani akimwambia pole, alimjibu kwamba pole haipikwi.

Mvua zikaanza. Semdegela akarudi kwenye kazi yake ya vihenge, maana tumbo halijui msiba. Akaenda bondeni kukata milanzi. Ilikuwa majira ambapo machipukizi yanatoka ardhini kwa kasi, laini, manene, na mbuzi walikuwa wamepita wakavunja ncha za baadhi. Kwenye chipukizi moja lililovunjwa akaona nyuki wamejazana. Nyuki, kwenye ukungu ule! Akawapungia mkono wakapisha, akagusa pale palipovunjika, kidole kikalowa. Akalamba.

Kilikuwa kitamu.

Alisimama pale kwa muda mvua ikimnyeshea. Kisha akakimbia nyumbani, mwanamke mzima yule, akatafuta kotama ya Mtulia iliyokuwa imelala bila kazi, akarudi nayo. Akafanya kama alivyoona mgema akifanya. Akakata ncha, akainamisha chipukizi, akachukua kipande cha mlanzi mnene uliokomaa, chenye kifundo chini kama kikombe, akakitundika pale. Chombo hicho ndicho tunachokiita mbeta. Asubuhi akakwangua unyoya mwembamba, jioni akakwangua mwingine. Mwanzoni mbeta ilikuwa na maji ya mvua tu na mdudu aliyezama. Hakukata tamaa. Alikuwa anaongea na mlanzi ule akiubembeleza, akiuambia kwamba miaka yote amekuwa akiupasua na kuusuka bila hata kuuliza kama una kitu cha kusema. Siku mlanzi ulipoamua kutoa, ulitoa kama uliokuwa umechoka kusubiri. Mbeta ikafurika.

Safari hii alionja. Alionja asubuhi, ulikuwa mtamu, mwepesi, una harufu ya majani mabichi. Alionja mchana, ukaanza kumchoma ulimi kidogo kidogo. Alionja jioni, akajikuta anaimba peke yake jikoni. Kesho yake akaonja uliolala, ukamkunja uso. Hapo akaelewa maneno ya Mtulia yote, neno baada ya neno, akasema kwa sauti, ahsante mzee wangu, ijapokuwa mzee hakuweza kumsikia. Akaelewa pia kwamba nyuki wa nchi kavu, ndizi za mlimani na minazi ya joto havikumnyima kitu. Kila nchi ilimwonyesha kilicho chake ili naye akatafute cha kwao.

Lakini nani atakuja kunywa? Wazee wa Ikanga walisema hawapeleki tena mtu mtoni akadhalilike. Basi akaenda mwenyewe. Kila siku, mvua inyeshe isinyeshe, Semdegela alishuka hadi kivukoni na mbeta ya siku ile. Aliingia majini, akasimama kwenye mwamba wa katikati ambako watu wa Nyamande wangemwona vizuri, akamimina kikombe, akanywa nusu. Nusu iliyobaki aliiacha juu ya mwamba, akarudi nyumbani. Kesho yake alikikuta kikombe kimejaa mvua, akakiosha, akaanza upya. Vijana wa ng'ambo walimzomea. Wakachoka kuzomea. Wakaanza kungoja aje, maana alikuwa amekuwa kama saa yao.

Siku moja, mto umejaa na baridi inaingia mifupani, akamkuta Mzee Mgeyekwa amesimama ukingoni na fimbo yake, na nyuma yake watu wake. Hawakuja na mikuki. Twilumba alikuwepo, mtoto kifuani safari hii, amefunikwa.

Mgeyekwa akamwuliza anatafuta nini kila siku katika maji yale.

Semdegela akamimina. Akakiinua kikombe juu kila mtu akione, akanywa funda refu, wote wakaona koo likimeza, kisha akakinyoosha mbele.

"Mkwe wangu," akasema, "siku ile nilikupa heshima yetu ya zamani, na heshima ile ilikuumiza. Leo nimeanza mimi. Kama kuna ubaya humu, umeshanipata."

Mzee hakusogea. Alimtazama usoni, akamtazama hadi miguuni ambapo maji yalikuwa yanamsukuma. Watu wakaanza kuguna. Ndipo Twilumba akampa mama mwenzake mtoto amshikie, akainua nguo yake, akaingia mtoni bila kuomba ruhusa ya mtu.

"Baba," akamwambia mkwe wake akiwa amempa mgongo, "huyu amesimama kwenye maji siku zote hizi. Mtu anayetaka kuua hachoki hivi."

Akakichukua kikombe mkononi mwa mama yake, akanywa mahali palepale mama yake alipoweka mdomo. Wakakumbatiana katikati ya mto, na kikombe kikiwa kati yao, wakiwa wanalia kama watoto, kila mmoja akimwuliza mwenzake kama amekula. Mgeyekwa alitazama, akakohoa, akapangusa pua yake, akasema ni baridi. Kisha akaingia majini kwa miguu yake mizee. Akanywa. Akanywa tena, akauliza kama uko mwingine.

Ulikuwepo, mbeta nzima. Ukanywewa mpaka ukaisha, watu wa Ikanga walioteremka wakikimbia na watu wa Nyamande waliokuwa wamejikunyata, chombo kimoja, na kila aliyempa mwenzake aliangaliwa kwanza akimeza. Semdegela akampakata mjukuu wake. Alikuwa wa kike. Akamwangalia vidole, akamwangalia masikio, akasema Mungu wangu ahsante, akasema tena, na tena, hata Twilumba akamcheka.

Jioni Semdegela alitaka kumwekea mwanawe mbeta moja ya kupeleka nyumbani aiweke. Twilumba akakataa. Alisema amesikia kwamba kesho utakuwa umeshachacha, kwa hiyo usiwekwe, ila wakubaliane kwamba kesho yeye atakuja kunywa wa kesho. Akaja, na mtoto. Na kesho kutwa akaja Mgeyekwa naye, kwa kisingizio cha kutafuta mbuzi. Mvua za mwaka ule zote, njia ya kivukoni haikuota nyasi, na kabla hazijakatika vijana wa pande zote mbili walikuwa wameshajenga daraja jipya, kwa kuwa wazee walichoka kulowa.

Na tangu siku hiyo, mlanzi hutoa ulanzi majira ya mvua tu, yale majira Semdegela aliposimama mtoni. Tangu siku hiyo ulanzi haukai, hunywewa siku yake pamoja na aliyepo. Na tangu siku hiyo huku kwetu mwenyeji hupiga funda la kwanza, husema ahsante kimoyomoyo kwa watu wa mbali waliomfundisha mama yule, ndipo humpa mgeni wake. Basi ukipewa kikombe kilichopungua, usinune. Hicho kilichopungua ndicho alichokinywa mama wa watu, amesimama kwenye maji ya baridi, ili wewe usiogope.